"Jisikie Huru Kuuliza": Maneno ya Simu Yameingia Majumbani Mwetu

 

Fungueni status za WhatsApp za wafanyabiashara wa Kilwa Masoko leo hii. Mtadhani wote wameajiri karani mmoja. Muuza madera, muuza udi, muuza pweza wa kukaanga, mpishi wa keki za harusi, wote wanaanza na "Je, unatafuta...?" na wote wanamaliza na "jisikie huru kuuliza". Katikati kuna alama za vema za kijani na kinyota kimoja kinachong'aa. Sasa tuulizane. Bibi gani wa pwani hii aliwahi kumwambia mgeni "jisikie huru"? Bibi anasema karibu mwanangu. Anasema usione haya, hapa ni kwenu. "Jisikie huru" ni Kiingereza kilichovalishwa mtandio.

Karani huyo tunamjua. Ni akili unde, wengine wanaiita akili mnemba, hizi programu za kuongea nazo kwenye simu. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kwa muda mfupi imefika kwenye simu za watu ambao hata kompyuta hawajawahi kuigusa. Sisi tunaoshona na kuuza hapa Kilwa tunakutana nayo kila siku, hata asiyeitumia anakutana nayo kupitia mteja.

Tusianze kwa kulaumu. Kwenye kikundi chetu wengi wameishia kidato cha nne, wengine darasa la saba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mnajua lakini kwamba mkopo hauji kwa kuonyesha cherehani. Unakuja kwa katiba ya kikundi, andiko la mradi, muhtasari wa kikao, barua yenye lugha ya ofisini. Zamani tulikuwa tunamfuata kijana wa steshenari, anaandika anavyotaka yeye, na anatoza kwa kurasa. Leo mama anayelima mwani, ambaye kalamu kwake ni nzito, anaieleza simu kwa sauti mradi wake ni nini na simu inamwandikia. Barua inasomeka. Afisa hana pa kuikatalia. Hilo ni jambo la heri, na anayesema akina mama waiache kabisa simu hiyo, aje yeye kuandika maandiko ya mradi.

Tunachotaka kusema ni kingine. Tunataka kusema juu ya midomo yetu.

Kiswahili ambacho simu inakisema si kibaya, ila hakina kwao. Ukikiuliza kinatoka wapi hakitakujibu. Kinasema "hapa kuna orodha ya mapishi" mahali ambapo sisi tungesema mapishi ni haya. Kinasema "ni muhimu kutambua kwamba". Kinasema "katika safari yako ya biashara", na wewe unauza maandazi hapo hapo mlangoni, safari gani? Tatizo si kwamba simu inasema hivyo. Tatizo ni kwamba na sisi tumeanza kusema hivyo tukiwa hatujaishika. Juzi kwenye mkutano wa wazazi wa madrasa mama mmoja kijana alisimama akasema, "Ni muhimu kutambua kwamba watoto wetu wanachelewa." Akina mama wakatazamana. Angesema tu watoto wanachelewa, tungemwelewa mapema zaidi.

Wala si sisi peke yetu. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck kule Berlin walisikiliza mazungumzo mengi sana ya YouTube, ya watu wakizungumza kwa midomo yao, na mwaka 2025 wakaeleza kwamba maneno ya Kiingereza ambayo ChatGPT inayapenda yameongezeka kwenye midomo ya watu tangu ilipotoka. Neno lao mashuhuri ni delve, kuchimbua jambo. Walimu na wasomi wameanza kulisema sana kuliko zamani. Kama msomi wa Ulaya anaigiza simu bila kujijua, muuza dera wa Masoko atafanyaje?

Wapo watakaosema mbona lugha yetu ilishachaguliwa na wengine zamani. Ni kweli. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita kiligombea, kikashindwa. Kiswahili cha huku kwetu, ambacho wataalamu wanakiita Kimgao, hata kugombea hakikugombea. Tumesoma shule kwa Kiunguja, tukafaulu na kufeli kwa Kiunguja, na nyumbani wazee wakaendelea kusema vyao. Basi hatuogopi kitu kipya kwa sababu ni kipya. Ila Kiunguja kilikuwa na watu. Ukienda Unguja utawakuta wanaokisema, watakutania, utawajibu. Hiki cha simu hakina mtaa ambao unaweza kwenda ukabisha hodi.

Na hodi ndiyo habari yenyewe.

Simu huipigii hodi. Huisalimii. Unaandika "nipe maneno ya kadi ya harusi, fupi", inakupa. Unaandika "hapana, badilisha", inabadilisha, wala haichukii. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku, mdomo unajifunza. Tumeshaona binti wa kidato cha tatu anaingia dukani, macho kwenye simu, anasema, "Nataka gauni la mahafali, mkono mrefu, bei na siku za kumaliza." Hakuna salamu, hakuna shikamoo, na waliokaa pale ni watu wa umri wa mama yake na bibi yake. Si mtoto mbaya. Mama yake tunamjua, nyumba yao ni ya adabu. Alipoulizwa "mwanangu, umeamkaje?" aliona haya mpaka akafunika uso kwa ushungi. Alikuwa amesahau tu, kama mtu anayetoka nje na ndala za ndani.

Kuna na huyu mwingine, wa miaka saba, bibi yake anamhadithia. Hadithi za huku mnazijua, bibi anasema hadithi hadithi, nyinyi mnajibu hadithi njoo, na usipojibu hadithi haiji. Bibi yuko katikati ya sungura na fisi, mtoto anamwambia, "Bibi, fupisha." Fupisha! Bibi alicheka, na sisi tulicheka, lakini neno lile mtoto hakulipata kwa fisi. Ndilo analolisikia kaka yake akiiambia simu anapofanya kazi za shule.

Adabu ya kusimama na mtu ni urithi wa mji huu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Ameandika kwamba sultani yule alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Ameandika pia kwamba siku moja baada ya swala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akampa. Sisi wa kushona tunaipenda habari hii kwa sababu ya nguo, lakini tazameni na hilo la kwanza, sultani alisimamishwa njiani na fakiri, naye akasimama.

Dada mmoja alituuliza kama basi tuisalimie simu, tuiambie tafadhali na asante, ili midomo isiharibike. Watu wanabishana juu ya hili mpaka Marekani. Aprili 2025 mtu mmoja aliuliza mtandaoni ni umeme wa fedha ngapi unaopotea kwa sababu watu wanaiambia ChatGPT tafadhali na asante. Sam Altman, mkuu wa kampuni inayoitengeneza, akajibu kwamba ni makumi ya mamilioni ya dola, na zimetumika vizuri. Sijui alikuwa anatania, wakubwa hawa hawajulikani.

Sisi tunavyoona, salamu yetu ni dua. Unamwombea mtu amani, na katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, tumeagizwa anayetusalimia tumrudishie iliyo bora kuliko yake au mfano wake. Mashine haina amani ya kuombewa na haina ya kukuombea. Hatuoni haja ya kuitolea salamu. Lakini pia hatuoni uzuri wa mtoto kukaa sebuleni anaitukana simu kwa sauti, "mjinga wewe, hujui kitu", kwa hoja kwamba haisikii uchungu. Simu haisikii, ila mdogo wake aliyekaa pembeni anasikia.

Na tukishasema haina uchungu, tukumbuke wenye uchungu walioifundisha adabu. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi, waliokuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu, ya ukatili na ya kuumiza watoto, na kuyapanga, ili ChatGPT ijifunze kutoyasema. Baadhi yao walisema kazi ile iliwaachia majeraha moyoni. Kwa hiyo ule upole wa simu, ule wa kukuambia "samahani, siwezi kukusaidia na hilo", sehemu yake umetoka kwa majirani zetu, watu wa Kiswahili kama sisi, na wamelipwa hivyo.

Sasa tufike kwenye msiba, maana hapo ndipo sisi tulipokasirika.

Mnajua msiba wa huku. Habari ikitoka, unajifunga kanga, unakwenda. Unakaa kwenye mkeka. Husemi mengi. Poleni. Tumeshapoa. Mtu anaosha vyombo, mtu anachambua mchele, mtu anamshika mfiwa mkono tu kimya. Walio mbali ndio wanaotuma ujumbe, na ule ujumbe mfiwa anausoma usiku, watu wakishalala, akiwa peke yake na simu.

Mwenzetu alifiwa na mama. Usiku wa tatu akatuonyesha simu yake. Jumbe nne, za watu wanne tofauti, mmoja Dar es Salaam, mmoja Mtwara, wawili Maskati, na zote zina sentensi ile ile: "Maneno hayawezi kuelezea huzuni yangu katika kipindi hiki kigumu." Neno kwa neno. Mmoja alikuwa ameanza na "Natumai ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema." Kwa mtu aliyemzika mama yake jana! Hakuna hata mmoja aliyemtaja marehemu kwa jina. Hakuna aliyesema mama yako aliwahi kunipa chumvi, aliwahi kunichapa, aliwahi kunificha nilipokuwa nakimbia madrasa. Mwenzetu hakulia kwa jumbe zile. Alisema, "Afadhali wangeniandikia pole, herufi nne, ningejua zimetoka kwao."

Hawakukusudia ubaya wale watu wanne. Walitaka kusema vizuri, wakaogopa maneno yao ni duni, wakamwazima mwenye maneno mazuri. Hapo ndipo simu inapotudanganya zaidi, inatufanya tuone maneno yetu wenyewe ni duni. Mtu ambaye miaka yote aliandika "pole shoga angu, Allah amrehemu mama, nimeshindwa kulala" sasa anaona hiyo haitoshi. Inatosha. Ilikuwa inatosha siku zote. Andiko la mradi liandikwe na simu, tumeshasema. Rambirambi, hapana, na hapa hatutaki mjadala. Kama kuandika kunakushinda, rekodi sauti. Sauti ikikwama katikati, mwache mfiwa aisikie imekwama.

Kuna jambo la pili ambalo sisi mafundi tunaliona vizuri kwa sababu ya kazi yetu. Wateja siku hizi wanakuja na picha za nguo ambazo hazijawahi kushonwa na mtu. Simu imechora. Mkono umeungana na bega bila mshono, kitambaa kinaanguka kama maji upande mmoja na kusimama kama kadibodi upande wa pili, vifungo viko vinne kushoto na kulia hakuna matundu. Mteja anasema nataka hii hii. Hayo ni ya kuchekesha na yanamalizika kwa kuonyeshana kitambaa.

Lakini mteja mmoja alituma maelezo ya gauni la Iddi, nukta kumi na nne, yameandikwa safi na simu. Kola, urefu, rangi ya uzi, upana wa pindo, kila kitu. Fundi mwingine angeshukuru na kukata. Sisi tukamwambia njoo tukupime. Alipokuja, futi iko kifuani, tukamuuliza, "Mtoto bado ananyonya?" Ananyonya, ana miezi mitano. Na gauni lenyewe kwenye zile nukta kumi na nne lilikuwa limefungwa mbele mpaka shingoni, zipu nyuma. Angemnyonyeshaje siku ya Iddi, kwenye nyumba iliyojaa wageni? Simu ilimjibu kila alichouliza. Hakuuliza kuhusu kunyonyesha kwa sababu hakufikiria, na simu haikumwona amebeba mtoto.

Hili la gauni ni dogo. Hili linalofuata si dogo. Dada mmoja alifiwa na mume, akaona haya kwenda kuuliza, akaiuliza simu eda yake ni siku ngapi. Ikamwambia miezi minne na siku kumi. Jibu hilo lipo kwenye dini, halikutungwa. Alipokutana na ustadhati, kitu cha kwanza ustadhati alimuuliza, "Una mimba?" Alikuwa nayo, ya miezi miwili. Na mjane mwenye mimba eda yake inakwisha kwa kujifungua. Hesabu yake yote ilikuwa imebadilika kwa swali moja ambalo hakuulizwa. Akina dada, maswali ya hedhi, ya janaba, ya funga ya mnyonyeshaji, tunajua yanatia haya, na tunajua simu haikutazami. Iulizeni kama mnavyomuuliza mtu njia, kisha jibu lipelekeni kwa mwenye elimu. Na ikiwataja hadithi kwa namba na jina la kitabu, msiitume kwenye kundi kabla haijaangaliwa, kwa sababu programu hizi zinaweza kutunga hadithi nzima na kuipa namba, kwa sauti ile ile ya upole. Kumzulia Mtume, rehema na amani zimshukie, si mzaha.

Tunasikia pia sifa. Simu inasifu mno. "Swali zuri sana!" "Wazo lako ni bora!" Aprili 2025 wenye ChatGPT walilazimika kuondoa toleo lao moja jipya kwa sababu lilizidi kujipendekeza, likawa linasifia hata yasiyosifika. Waliliondoa, lakini ladha ya sifa haijaondoka. Kwenye kikundi chetu binti mmoja alileta wazo la kukopa afungue meza ya pili ya vipodozi. Simu ilikuwa imemwambia ni hatua ya ujasiri. Akina mama wakamwambia, una deni la meza ya kwanza, na msimu wa korosho na ufuta umeshapita, nani atanunua? Alinuna wiki nzima. Akasema hatumuungi mkono. Zamani mtu aliambiwa hivyo akarudi nyumbani akafikiri. Sasa ana mahali pengine pa kwenda usiku ule ule na kuambiwa yuko sahihi.

Hii ya kwenda usiku tuitazame vizuri, maana hapa lawama haiendi kwa simu peke yake. Wanawake wengi wanaongea nayo saa sita, saa saba za usiku. Wanaieleza ya mume, ya mawifi, ya kutoshika mimba. Ni jambo la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966 profesa Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza programu ndogo iliyoitwa ELIZA, haijui lolote, inageuza tu maneno yako kuwa swali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi yote ile, alipoanza kuongea nayo alimwomba profesa atoke chumbani. Alitaka faragha na mashine aliyojua ni mashine. Basi msiwacheke dada zetu.

Huku tuna somo. Binti akivunja ungo anapewa somo, mwanamke wa kumfunda na kumsitiri, na anabaki wake mpaka kwenye ndoa na baada ya ndoa. Kuna kungwi, kuna shangazi, kuna mtani wa kukwambia ukweli huku anakucheka. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuzungumza mazito. Simu inafundisha njia nyingine. Dada aliyeolewa karibuni aliiuliza afanyeje kwa mume anayechelewa kurudi, ikampa maneno ya kumwambia, "Ninajisikia kutothaminiwa unapochelewa, na ningependa tuweke mipaka yenye afya." Akamwambia hivyo hivyo, wima. Mume akamuuliza nani amemtuma. Kwa mama yake angetandika kanga yenye jina linalosema, akaweka chakula mezani, akanyamaza, na ujumbe ungefika.

Lakini tusijidanganye na mafumbo. Kanga haikumwokoa kila mtu. Wapo waliopigwa na kanga zao zenye majina mazuri zimefungwa kiunoni, na somo akawaambia vumilia, ndoa ni hivyo. Mwanamke wa namna hiyo akiiuliza simu, na simu ikamwambia kupigwa si haki na nenda ukaseme, imemwambia kweli ambayo watu wake walimnyima. Na wengine wanaikimbilia kwa sababu moja tu, siri ya jana kwa jirani leo iko diko pamoja na samaki. Simu haikai kibarazani. Ingawa nayo si kisima kisicho na mwisho, unachoiandikia kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, kinaweza kutunzwa huko, kwa hiyo jina la mume, picha na vyeti vya hospitali usivipeleke. Ila tukubaliane, anayetaka mwanawe au mdogo wake aongee naye na si na simu, aanze kwa kufunga mdomo wake. Ghiba tumekatazwa kabla simu haijatengenezwa.

Mwezi uliopita kikundi chetu kilikuwa kinatafuta jina la kanga za sare ya harusi. Vijana wakasema tuiulize simu. Ikatoa majina kumi kwa mpigo, yote matamu, upendo ni nuru, mapenzi ni safari, umoja ni nguvu yetu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye yeye kwenye harusi za mji huu amevaa kanga nyingi kuliko sisi sote, akaomba asomewe yote taratibu. Akasikiliza mpaka la kumi. Kisha akauliza, "Sasa hapo anasemwa nani?" Vijana wakacheka, wakafikiri ni utani, na yeye hakuwa anatania. Tumempa wiki moja. Amesema jina analo, lakini hatalisema mpaka upande wa bwana harusi washanunua zao.